Kilele Kile ni Kipi? Kutambua Milima ya Mbali Ukiwa Klein Matterhorn

Ukisimama kwenye jukwaa la Klein Matterhorn, juu ya mji wa Zermatt nchini Uswisi, mlima mrefu kuliko yote katika safu ya Alps hauonekani kuwa mrefu kuliko yote. Mont Blanc, wenye mita 4,800 na ushei, uko pale magharibi, mweupe, wazi kabisa siku isiyo na mawingu. Lakini kulia kwake kuna mlima mwingine, Grand Combin, wenye mita 4,300 na kidogo, nao ndio unaochomoza juu zaidi. Mgeni aliyetoka kwenye gari la nyaya akiwa na skii begani huona kilele kilichozidi vingine upande ule, akakumbuka kwamba Mont Blanc ndio mkubwa wa wote, akaunganisha mawili hayo. Anapiga picha, anashuka, na tangu siku hiyo anaonyesha watu Mont Blanc ambayo si Mont Blanc.

Si uzembe. Macho yake yameona sawasawa. Kilichomponza ni kudhani kwamba ukubwa unaoonekana ndio ukubwa wenyewe. Sisi tunaoshughulika na ramani na upimaji hufundishwa mapema kuuliza urefu mwisho kabisa. Kwanza mwelekeo, ndipo umbali. Ukishajua mlima uko upande gani na uko mbali kiasi gani, jina lake halina pa kujificha. Nimechagua Klein Matterhorn kuonyesha jambo hili kwa sababu ni mahali ambapo mtu asiye mpanda milima anaweza kufikishwa juu akiwa amekaa, akaiona Alps ya nchi tatu kwa mzunguko mmoja wa mwili wake.

Jukwaa liko mita 3,883 juu ya usawa wa bahari. Gari la nyaya la kwanza kufika huko lilianza kazi mwishoni mwa 1979, na la pili, kubwa zaidi, likaongezwa mwaka 2018. Ukishuka kituoni unapita kwenye njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, kisha lifti na ngazi zinakutoa kileleni. Chini yako ni barafu ya Theodul, ambako watu huteleza kwenye theluji hata Julai na Agosti. Kaskazini ni Uswisi, kusini ni Italia, na magharibi, nyuma ya matuta mengi, inaanza Ufaransa.

Turudi kwenye ile milima miwili, maana hesabu yake ni fupi na inafunua mengi. Grand Combin umelizidi jukwaa kwa mita 430 hivi, na uko umbali wa kilomita 33. Mont Blanc umelizidi kwa mita 920 hivi, lakini uko kilomita 68. Ukigawanya kile kimo kilichozidi kwa umbali, kisha ukaligeuza jibu kuwa nyuzi za pembe, Mont Blanc unashinda kwa unywele: unainuka nyuzi 0.78 juu ya usawa wa jicho, na Grand Combin nyuzi 0.74. Kwa hiyo, kama uso wa dunia ungekuwa bapa, mgeni wetu angekuwa amepatia.

Dunia ni mviringo, na mviringo huo unakula sehemu ya kila mlima kwa kadiri ulivyo mbali. Tena haukui sawasawa na umbali: umbali ukiwa mara mbili, kinachopotea ni mara nne. Ukitaka kukadiria, chukua kilomita, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, kisha zidisha kwa 0.07, jibu ni mita. Grand Combin unapoteza mita 76 hivi. Mont Blanc unapoteza zaidi ya mita 300. Toa kiasi hicho kisha rudia mgawanyo, na matokeo yanageuka: Grand Combin nyuzi 0.6, Mont Blanc nyuzi 0.5. Mlima uliozidiwa kwa karibu mita 500 unaonekana mrefu zaidi, na uamuzi umetolewa na umbo la sayari yenyewe. Sijui mahali pengi ambapo mtu aliyevaa viatu vya kutelezea anaweza kuliona jambo hilo kwa macho bila chombo chochote.

Ile 0.07 imeshahesabu na kazi ya hewa. Mwanga unaotoka kilele cha mbali haunyooki kabisa. Hewa nzito ya chini huupinda kidogo kuelekea ardhini, hivyo mlima unaonekana umeinuka kuliko ulipo hasa. Wapima ardhi huchukua kwamba hewa hurudisha karibu asilimia 13 ya kile kilicholiwa na mviringo. Kiwango hicho hubadilika: asubuhi ya baridi kali, hewa ya baridi ikiwa imetuama mabondeni, mwanga hupinda zaidi, na vilele vya mbali sana huweza kuchomoza pale ambapo saa sita mchana hapana kitu.

Jambo linalofuata hapo huwashangaza wengi. Mlima uliolingana na wewe kwa urefu, ukiwa mbali, hauonekani umelingana nawe, unaonekana chini. Gran Paradiso wa Italia una mita 4,061, yaani umelipita jukwaa kwa karibu mita 180, lakini kwa kilomita 59 unaangukia usawa wa jicho, au chini yake kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Monte Viso, ambao chini yake unaanza mto Po, una mita 3,841 na uko kilomita 150. Mviringo unaupunguza kwa mita 1,500 na zaidi. Mtu anayeutafuta kwa kuinua kichwa hataupata hata akikaa kutwa. Ashushe macho kidogo, zaidi ya nusu nyuzi chini ya usawa, aangalie piramidi ndogo iliyosimama peke yake nyuma ya kila kitu.

Edward Whymper, Mwingereza aliyeongoza msafara wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn tarehe 14 Julai 1865, aliutaja huo Viso alipoandika alichokiona akiwa juu. Alikadiria umbali wake kuwa maili mia moja, na ukipima kwenye ramani ya leo unapata maili 95 hivi. Kwa mtu aliyesimama kwenye theluji bila kibao cha kumwelekeza, hiyo ni kazi safi. Alisema pia kwamba hewa ya siku ile ilikuwa angavu kupita kawaida, na kwamba siku za namna hiyo mara nyingi hutangulia hali mbaya ya hewa. Wenyeji wa Alps wanalijua hilo. Upepo wa joto uitwao Föhn ukivuma, hewa hukauka na kusafika, milima ya mbali inasogea kana kwamba imeitwa, na baada ya saa chache au siku moja mawingu yanafunga. Mtelezaji akiiona Viso imechongeka kama iko bonde la pili, aipige picha, halafu aulize utabiri wa hewa kabla ya kwenda mbali na kituo.

Basi mtu aanzie wapi? Kwenye mkono wake. Nyosha mkono mbele kabisa, kunja ngumi: upana wa ngumi ni nyuzi 10 hivi. Upana wa kidole cha mwisho ni nyuzi 1. Mwenye mkono mfupi ana ngumi ndogo, mwenye mkono mrefu ana kubwa, hivyo kipimo hiki kinamfaa mtoto na mtu mzima vilevile. Sasa tazama magharibi kamili. Hapo ndipo ulipo Grand Combin, mlima mpana, umejaa barafu, una mabega. Hamisha ngumi moja kushoto: Mont Blanc. Kutoka Mont Blanc hesabu ngumi nne na kidogo kushoto: Gran Paradiso, kusini-magharibi. Kutoka hapo, ngumi mbili kasoro: Viso. Kwa ngumi saba umevuka karibu moja ya tano ya upeo wa macho na una vilele vinne vya uhakika, na kila kingine kilicho katikati yake kinaweza kutafutwa kwa kuhesabu kutoka kwa jirani yake.

Umbo ni msaidizi mwenye hila. Matterhorn wenyewe ni ushahidi. Watu wameuona kwenye postikadi tangu utotoni, ule upande wa Zermatt, umechongoka na kuinama kidogo. Kutoka jukwaani uko kilomita 7 tu, kaskazini-magharibi, ngumi nne kasoro kulia kwa Grand Combin. Lakini hapa unautazama kutoka kusini-mashariki, ukingo wa Furggen ukiwa umekuelekea, ule wa Hörnli umekwenda kulia na ule wa Simba kushoto. Ni jabali pana, lenye mabega, bila ile shingo ya kwenye picha. Mtu huweza kuutazama ana kwa ana huku akiuliza uko wapi. Umbo la mlima ni la upande mmoja. Ukizunguka, unapewa mlima mwingine. Kwa hiyo umbo lithibitishe kile ambacho mwelekeo umeshasema, lisitangulie kamwe.

Ukaribu nao una udanganyifu wake. Mashariki mwa jukwaa, kilomita moja na nusu hivi, umesimama Breithorn wenye mita 4,160 hivi. Unapanda nyuzi 11, ngumi nzima juu ya usawa wa jicho, mara ishirini na zaidi ya Mont Blanc. Upande huohuo, kilomita 10 na zaidi, kuna Dufourspitze, kilele cha juu kuliko vyote vya Uswisi, mita 4,634. Breithorn na mgongo wake vimekaa mbele kama ukuta. Kutoonekana kwa mlima hakumaanishi kwamba ni mdogo, na anayejua hivyo hatajikaza kulitafuta jina la Dufourspitze katika kila nundu inayochungulia upande ule.

Umbali utaujuaje bila ramani? Kwa rangi. Hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine. Tuta la mawe lililo karibu ni la kahawia au jeusi; la kilomita 20 limepata ubuluu; la kilomita 60 limepauka hadi kukaribia rangi ya anga. Kwa theluji ni kinyume: theluji ya karibu ni nyeupe kali, ile ya mbali sana imepoteza buluu njiani na kubaki na umanjano hafifu, rangi ya pembe ya ndovu. Tazama Grand Combin na Mont Blanc ukiwa na hilo akilini, utaona kwamba theluji zake hazifanani. Tofauti hiyo peke yake inatosha kukwambia upi uko nyuma, hata kabla ya kukunja ngumi.

Hapa watelezaji wana tatizo lao la pekee. Miwani ya kutelezea yenye kioo cha njano au cha machungwa hukata buluu makusudi, ili mikunjo ya theluji mbele ya skii ionekane vizuri. Inafaa sana kwenye mteremko, lakini kileleni inakunyima alama ya umbali: matuta yote yanakuja mbele, yamejipanga kama yamekatwa kwenye karatasi moja. Usivue ukabaki macho wazi. Jua la karibu mita 4,000 likipiga juu ya barafu linaunguza macho kwa muda mfupi. Beba miwani ya jua yenye kioo cha kijivu, ambacho hupunguza mwanga bila kuchagua rangi, uivae dakika utakazokaa jukwaani.

Na uende asubuhi. Jua la asubuhi liko nyuma yako unapotazama magharibi, hivyo Combin na Mont Blanc zimewashwa usoni. Alasiri jua limehamia nyuma ya milima hiyohiyo na kinachobaki ni vivuli vyenye kingo. Upande wa Italia nao huharibika kadiri siku inavyopanda, maana utusitusi wa bonde la Po hupanda pamoja na joto, na Viso ndio wa kwanza kumezwa.

Mtu ambaye angeelewa taabu ya mgeni wa jukwaani kuliko wote ni Jacques-Barthélemy Micheli du Crest. Alikuwa mhandisi na mpima ardhi wa Geneva, aliyefungwa kwa mambo ya siasa katika ngome ya Aarburg. Kutoka ngomeni aliiona safu ya Alps mbali kusini, siku baada ya siku, na hakuruhusiwa kuikaribia. Mwaka 1754 alichora mandhari ile yote kwa vipimo, kilele kwa kilele, akakadiria urefu na kuandika majina. Ni miongoni mwa michoro ya kwanza ya Alps iliyofanywa kwa kupima na si kwa kubuni. Mielekeo yake ilikuwa ya mtu makini. Baadhi ya majina hayakuwa sahihi, na sababu inaeleweka: ukiwa mahali pamoja, pembe inakupa mstari tu, na juu ya mstari huo mlima unaweza kuwa kilomita 60 au 90. Ili kuujua umbali unahitaji kuupima kutoka mahali pa pili, au uwe na ramani nzuri. Yeye hakuweza kutoka, na ramani za wakati wake zilikuwa na mapengo makubwa hasa milimani. Namheshimu mno mtu huyu. Alichokosa yeye, kila mgeni wa leo anacho bure.

Ndiyo maana sipendi vibao vingi vya vilele ninavyoviona kwenye vituo vya kutelezea. Kampuni za utalii hupenda kujivunia idadi ya vilele vyenye zaidi ya mita 4,000 vinavyoonekana kutoka kituo fulani, kisha zinavijaza vyote kwenye bati moja kwa herufi ndogo. Mgeni ana glavu, upepo unavuma, mtoto analia baridi. Anasoma majina matatu na kuondoka. Zaidi ya hapo, majina mengi yamewekewa urefu tu. Urefu, kama tulivyoona kwa Combin na Mont Blanc, ndio taarifa inayompoteza. Kibao kinachofundisha kingekuwa na majina sita au saba yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, kila moja likiwa na umbali wake kwa kilomita, na ngumi zimechorwa kati ya jina na jina. Kingewekwa sambamba na upeo wa macho na si kulalia chini ambako theluji hukifunika. Na kingekuwa na mstari wa usawa wa jicho, ili mtu aone mwenyewe kwamba Gran Paradiso, mrefu kuliko alipokanyaga, umekaa juu ya mstari huo bila kuuvuka. Majina mengine thelathini yawekwe kwenye kibao cha pili, kwa wanaotaka kuendelea.

Wengi sasa hutoa simu. Programu kama PeakFinder, iliyotengenezwa Uswisi, huchora kingo za milima na kuandika majina juu ya kile kinachoonekana kwenye kamera, na inafanya kazi hata pasipo mtandao. Msingi wa programu za namna hii ni vielelezo vya miinuko ya ardhi. Kimoja kinachotumika sana kilitokana na chombo cha anga cha Endeavour, ambacho Februari 2000, kwa safari ya siku 11, kilipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia. Simu inajua ulipo, inajua umbo la ardhi, na inafanya ile hesabu ya mviringo na hewa kwa kila kilele mara moja.

Udhaifu wake uko kwenye dira. Dira ya simu inahisi usumaku, na kituo cha gari la nyaya ni chuma kitupu: nguzo, kamba za chuma, reli za ngazi, mota kubwa chini ya miguu yako. Mchoro unaweza kuhama nyuzi 10 au zaidi bila simu kulalamika, na nyuzi 10, kama unavyokumbuka, ndio umbali uleule kati ya Combin na Mont Blanc. Simu itakupa jina lisilo lake kwa herufi safi kabisa. Dawa ni kuanza na mlima mmoja unaoujua kwa hakika. Matterhorn unafaa, ukishaukubali katika sura yake ya upande huu. Buruta mchoro kwa kidole hadi ukingo wake ukae juu ya ukingo wa kweli, ndipo usome majina mengine. Na uiweke simu mfuko wa ndani, karibu na mwili, hadi dakika ya kuitumia. Baridi huimaliza betri kabla hujapanga picha.

Haya yote yanafanya kazi popote penye kilele na hewa safi, na Afrika Mashariki tuna mfano ambao Alps haina. Kutoka Lenana, kilele cha Mlima Kenya ambacho watembeaji wengi hukifikia, mita 4,985, hadi Kibo wa Kilimanjaro ni kilomita 320 na ushei. Zidisha, utaona kwamba mviringo wa dunia unaushusha Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 7,000, kimo kinachozidi mlima wenyewe. Bado huonekana, kwa sababu Lenana imeinuka mno juu ya tambarare zilizo katikati. Lakini hautakuwa juu. Shika chupa yenye maji nusu mbele ya jicho, tazama juu ya uso wa maji: huo ndio usawa wako. Kisha geukia kusini kamili, shuka upana wa kidole cha mwisho chini ya usawa huo, na utafute pale kabla jua halijaanza kuinua ukungu.